Kutoka Bustan hadi Unguja: Safari ya Msimu na Safari ya Saa Tano

Kila tunapopita Bustan, watoto hutuuliza juu ya jahazi lililowekwa katika mzunguko wa barabara, karibu na hoteli ya Al Bustan Palace. Jina lake ni Sohar. Liliundwa Sur bila msumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, kama mitepe ya Lamu. Novemba 1980 lilitweka tanga hapa Maskati, na Julai 1981 likafika Canton, China. Halikwenda kwetu, lakini ni vyombo vya tanga vilivyoiunganisha Oman na pwani yetu kwa karne nyingi.

Leo kutoka Maskati hadi Unguja ni karibu kilomita 3,900 angani. Ndege inayokwenda moja kwa moja hutumia saa tano na kitu. Kwa kuwa saa za Oman ziko mbele kwa saa moja, mtu hunywa chai ya asubuhi Maskati akawahi chakula cha mchana Unguja.

Wazee walisafiri kwa msimu. Kaskazi ilipoanza kuvuma, mnamo Desemba, majahazi yaliteremka na tende, chumvi na papa mkavu. Upepo ukiwa mzuri safari ilichukua wiki tatu au nne, ukilala, zaidi. Kurudi kulingoja Kusi, kuanzia Aprili, na shehena ya karafuu na boriti za Rufiji na Lamu. Nahodha aliyefika Januari hakuwa na njia ila kukaa. Katika miezi hiyo watu walipanga nyumba, walijifunza Kiswahili, walioa. Wengi wetu tunaosoma gazeti hili tumetokana na kungoja huko.

Safari ilikuwa na gharama yake. Sayyid Said bin Sultan, aliyeifanya Unguja makao yake makuu, alifariki baharini Oktoba 1856 akitoka Maskati kurudi Unguja, na huko ndiko alikozikwa. Mwaka 1872 meli za moshi za British India zilianza kupeleka barua Unguja kila mwezi kutoka Aden. Tangu hapo upepo ukaanza kupoteza amri yake, na ndege zikaja kuimaliza.

Uhuru wa Tanganyika, 9 Desemba 1961, unaangukia mwanzo wa Kaskazi, wakati vyombo vilipokuwa vikielekea kwetu. Sisi je, tunaelekea wapi? Wapo wanetu wanaomjua bibi yao kwa sura ya kwenye simu tu. Akiwasalimu kwa Kiswahili, wanajibu kwa Kiarabu au Kiingereza. Hatuwalaumu. Nauli ya watu watano si mchezo, na likizo ya kazi haingoji ya shule. Lakini tukumbuke kwamba msimu ulimlazimisha mtu kukaa hata akazoea. Ndege haimlazimishi mtu kukaa, wala kwenda.

Basi tuamue wenyewe. Kiswahili kizungumzwe mezani, kila siku. Na fursa ya safari ikipatikana, watoto wakae kwa bibi likizo nzima, si siku nne za harusi. Mkipita Bustan, simamisheni gari muwaonyeshe lile jahazi, muwaeleze lilivyoshonwa, na safari ambazo wazee wao walisafiri.

Heri ya Uhuru kwa wote, wakubwa na watoto.