Mizani Moja, Bidhaa Nyingi: Historia Fupi ya Uhakiki wa Vitabu vya Kiswahili

Utangulizi

Kisiwani Pemba karafuu zikishachumwa huchambuliwa, yaani hutengwa na makonyo yake. Lakini mchambuzi hodari hayatupi makonyo. Huyaweka fungu lake, kwa kuwa nayo hukamuliwa mafuta na yana bei yake sokoni. Neno uchambuzi, tulitumialo leo kwa kazi ya kusoma kitabu na kukitolea hukumu, limetoka katika kazi za mikono namna hii. Watu huchambua karafuu, huchambua pamba, huchambua mboga. Mwenziwe, uhakiki, asili yake ni Kiarabu, na ndani yake mna haki na hakika. Kwa hiyo lugha yenyewe yatufundisha kwamba msomaji wa vitabu vya watu ana wajibu mara mbili: kutenga, na kutenda haki katika kutenga kwake.

Katika makala haya tutajaribu kuitazama historia ya kazi hiyo katika Kiswahili tangu mwaka 1930. Hoja yetu ni kwamba, kwa muda mrefu, kila kizazi cha wahakiki kimekuwa na mizani yake moja, nacho kimeitumia mizani hiyo kupimia kila kitabu kilicholetwa mbele yake, kiwe diwani, riwaya, tamthilia, wasifu au kamusi. Mizani hizo si mbovu; kila moja ilizaliwa na haja ya wakati wake. Kosa lilikuwa kuifanya moja kuwa ya bidhaa zote, na hasara iliyotokana na kosa hilo tungali tunailipa.

Mizani ya usanifu

Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili cha mashuleni. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha iliyosimamia Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, na Frederick Johnson akawa katibu wake wa kwanza. Miongoni mwa kazi za Kamati ilikuwa kuisoma miswada ya vitabu na kuipa idhini. Kitabu kilichokubaliwa kilipigwa chapa kikiwa na alama ya kukubaliwa. Kisichokubaliwa kilikuwa na taabu ya kuingia darasani, na nje ya darasa soko lilikuwa dogo mno.

Yafaa tukumbuke aina za vitabu vilivyopita mikononi mwa wasomaji hao. Palikuwa na tafsiri za hadithi za Kizungu, kama Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina. Palikuwa na Alfu Lela Ulela. Palikuwa na vitabu vya hesabu, afya na kilimo. Na mwaka 1934 kikatokea Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela. Aina ni nyingi, lakini suali liliulizwa moja: je, lugha yake ni sanifu? Katika kitabu cha kilimo suali hilo huenda likatosha. Katika Uhuru wa Watumwa halikutosha hata kidogo. Kitabu hicho ni masimulizi ya biashara ya utumwa na sifa za waliowakomboa watumwa, na jambo kubwa la kuulizwa lilikuwa: ni nani asimuliaye, amesimama upande gani, na ni yapi asiyoyasema? Maswali hayo yalingoja miaka mingi kabla ya kuulizwa.

Walioumia zaidi kwa mizani ya usanifu ni washairi wa Mvita, Amu na Pate. Fasihi yao ilikuwa na karne kadhaa za maandishi kwa hati ya Kiarabu kabla Kamati haijazaliwa. Pindi Kiunguja kilipofanywa kipimo, Kimvita na Kiamu vikageuka kuwa lahaja, na neno lililokuwa la kawaida katika tungo likawa la kuombewa radhi. Ni kweli kwamba William Hichens alichapisha Al-Inkishafi mwaka 1939 na Diwani ya Muyaka bin Haji mwaka 1940. Lakini kazi hizo zilitoka London na Johannesburg, zikawaendea zaidi wataalamu. Mtoto wa shule wa Mombasa alisoma hadithi ya mabaharia wa Kiingereza kwa Kiswahili sanifu, ilhali mashairi ya Muyaka, aliyeishi mtaa wa pili, hakuyaona katika kitabu chake cha darasani.

Jambo jingine la kutiliwa maanani ni lugha ya hukumu yenyewe. Katika miaka hiyo maoni juu ya kitabu cha Kiswahili aghalabu yaliandikwa kwa Kiingereza. Mwandishi na wasomaji wake walijadiliwa bila wao kushirikishwa.

Mizani ya kanuni

Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi pamoja na diwani yake. Umuhimu wa kitabu hicho hauna shaka: Mswahili alikaa kitako akawaeleza Waswahili wenziwe, kwa lugha yao, shairi hupimwaje. Mizani ya usanifu iliwekwa na wageni. Hii ya vina na mizani ilitoka kwa wenyewe.

Hata hivyo sheria iliyokusudiwa kumwongoza mtunzi iligeuzwa na wengine kuwa rungu la mhakiki. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, na Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi walipotoa Malenga wa Bara mwaka 1976, mabishano yalizuka yaliyochukua zaidi ya muongo. Upande mmoja ulisema kwamba tungo zisizo na vina si mashairi kabisa. Upande wa pili ukajibu kwamba vina ni pingu. Ukiyasoma mabishano hayo leo, utashangaa ni kurasa chache kiasi gani zilizoshughulikia shairi moja moja: linasema nini, na limefaulu au limeshindwa wapi kwa njia liliyoichagua. Shairi huru baya na shairi huru zuri yalitiwa kapu moja, yakahukumiwa pamoja. Kadhalika shairi la arudhi lililokuwa tupu lilipita salama, maadam mizani yake ilikuwa kumi na sita.

Mfano mwema wa kinyume chake tulikuwa nao hapa Kenya. Lyndon Harries alikuwa amewatambulisha wasomaji wa Marekani kwa tungo za Ahmad Nassir katika kitabu kilichotoka mwaka 1966. Mwaka 1971 Shihabuddin Chiraghdin alihariri Malenga wa Mvita ya mshairi huyohuyo, naye akamweleza kwa Kiswahili na kwa wasomaji wa Kiswahili. Hakuomba radhi kwa Kimvita. Bila shaka kazi ya namna hiyo iliitengenezea njia Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyotungwa gerezani kati ya 1969 na 1972, ikachapishwa 1973, na kupata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Diwani hii ni jaribio kali kwa mwenye mizani moja. Apimaye usanifu ataona lahaja tu. Apimaye vina ataona ustadi, kisha ataondoka. Lakini mtunzi alifungwa kwa sababu ya maandishi ya kisiasa, na mgogoro wa ndugu wawili juu ya mnazi mmoja hauwezi kusomwa kama mgogoro wa mnazi tu. Kitabu hiki chataka lahaja, arudhi na siasa zisomwe kwa pamoja, kwani mtunzi amevifunga vitatu hivyo katika fundo moja.

Mizani ya itikadi

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 uhakiki ulipata nguvu mpya. Farouk Topan alikuwa ameanza kufundisha fasihi ya Kiswahili katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1971 akahariri Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili. Juzuu ya pili ilifuata 1977. Mwaka huohuo wa 1971 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilianzisha jarida la Mulika. Kwa mara ya kwanza vitabu vya Kiswahili vilipata kujadiliwa kwa Kiswahili, mfululizo, na wasomi waliolelewa katika lugha hiyo. Faida ya hatua hiyo haipimiki.

Lakini nayo ilikuja na mizani yake. Suali sasa lilikuwa: kitabu hiki chamsaidiaje mkulima na mfanyakazi? Suali ni la haki, na liliwafaa sana watunzi wa tamthilia. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka 1969, yataka kuulizwa hilo, kwa kuwa kiini chake ni watu waliounganishwa na imani wakaingia vitani. Riwaya za Kezilahabi ziliteseka zaidi. Rosa Mistika ya 1971 ilizuiwa kwa muda kusomwa mashuleni Tanzania, na Kichwamaji ya 1974 ilishutumiwa na baadhi ya wahakiki kwa kukata tamaa, kana kwamba kukata tamaa kwa mhusika ni kosa la kisiasa la mwandishi.

Hata Shaaban Robert hakusalimika. Wapo waliolalamika kwamba wahusika wa Kusadikika ni bapa na hawabadiliki. Sasa tazama majina yao: mtetezi anaitwa Karama, na waziri amshitakiye anaitwa Majivuno. Mwandishi ametuambia mlangoni kabisa kwamba haandiki riwaya ya saikolojia. Ameandika kisa cha mafumbo, katika ukoo wa hikaya na ngano, ambamo jina ndilo tabia. Kumdai Majivuno mageuzi ya moyo ni kama kumdai sungura wa ngano atuonyeshe majuto yake. Mwandishi huyohuyo alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad, alimwandika mwanamke aliyeishi, mwenye kijiji, nasaba na sauti iliyonaswa katika sahani za santuri. Hapo ndipo mhakiki ana haki ya kuuliza juu ya ukweli wa mambo na mabadiliko ya mtu. Kalamu ni moja, vitabu ni viwili, na mizani zapasa kuwa mbili.

Vitabu vilivyoachwa nje

Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla kilichapishwa mwaka 1960, baada ya kushinda shindano la East African Literature Bureau. Bwana Msa na kiko chake wakapendwa pwani na bara. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ilifuata 1965, na Kufa na Kupona ya Elvis Musiba 1974. Vitabu hivi vilisomwa na makarani, madereva na wanafunzi waliovificha chini ya madawati. Kwa muda mrefu wahakiki waliviita vya kupitishia wakati, wakavipita.

Kuvipita kulikuwa ni kosa la kitaaluma. Riwaya ya upelelezi ina masharti magumu yake: dalili ziwekwe wazi mbele ya msomaji, ila zisionekane, muda uhesabiwe, na fumbo lifumbuliwe bila udanganyifu. Tena ndimo lugha ya mjini, yenye utani na vitisho vyake, ilimoingia katika maandishi. Mwanahistoria wa lugha atakayetaka kujua watu walivyosema katika miaka ya 1960 na 1970 atahitaji vitabu hivyo kuliko hotuba nyingi. Haya ndiyo makonyo tuliyoyatupa, kumbe yalikuwa na mafuta.

Kamusi nazo zilipata haki nusu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilipotoka 1981, mjadala mwingi ulihusu ni neno la nani limeingia na la nani limeachwa. Hilo ni la msingi. Lakini kamusi husomwa pia kama chombo: fasili zake zaeleweka? Mifano yake ni ya lugha hai? Msomaji atokaye kwenye kitenzi cha kutendeshea ataupata mzizi wake? Ni wachache waliokaa nayo hivyo, ukurasa kwa ukurasa.

Mizani ya mtihani

Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulioanza Kenya mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Wasomaji wakaongezeka kuliko wakati wowote uliopita, nasi twashukuru. Pamoja nao ukaja mwongozo, yaani kijitabu kimwelezacho mwanafunzi dhamira, wahusika na mbinu za kitabu kilichoteuliwa. Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora, kilichosomewa mtihani mashuleni Kenya katika miaka ya 2010, ni kitabu chenye kejeli na ucheshi wa kutosha. Katika miongozo ucheshi huo hugeuka orodha. Kila mwalimu wa fasihi amepata kukutana na mwanafunzi awezaye kutaja dhamira saba za riwaya ambayo hakuifungua.

Hatusemi miongozo ipigwe marufuku. Twasema kwamba mwongozo umekuwa uhakiki pekee ausomao Mkenya wa kawaida, na muundo wake ni uleule kwa riwaya, tamthilia na mkusanyiko wa hadithi fupi. Tena kitabu kisichoteuliwa hakipati hata huo. Hutoka kwa mpiga chapa, hukaa rafuni, kisha hupotea bila ya mtu mmoja kuandika kwamba amekisoma. Hiyo ndiyo hasara iliyo kubwa kupita zote, kwa sababu mwandishi asiyejibiwa hunyamaza.

Hitimisho

Tumeona mizani nne: usanifu, kanuni, itikadi na mtihani. Kila moja ilituonyesha jambo na kutuficha jingine. Dawa yake si kutafuta mizani ya tano iliyo kubwa zaidi. Dawa ni mhakiki kuanza na suali dogo kabla ya yote: kitabu hiki ni cha ukoo gani, na watu wa ukoo huo huahidi nini? Diwani iulizwe ya diwani, wasifu ya wasifu, riwaya ya upelelezi ya upelelezi. Baada ya hapo ndipo aulize kama ahadi ilistahili kutolewa, na hapo siasa, lugha na maadili vina nafasi yake kamili.

Majarida ya idara zetu yana nafasi ya kuifanya kazi hii. Kurasa chache katika kila toleo zikiwekewa vitabu vipya vya kila aina, vikiwemo vile tusivyozoea kuviheshimu, tutakuwa tumeanza kulipa deni. Muyaka alingoja takriban karne nzima ili mashairi yake yapigwe chapa. Mwandishi wa leo hana muda huo wa kungoja, wala sisi hatuna udhuru wa kumngojesha.