Rangi ya mbegu ya kanola na siri ya mafuta yaliyomo ndani yake

Kwa kawaida mbegu ya kanola huwa nyeusi au kahawia iliyokoza. Rangi hiyo hutokana na tanini, kemikali za kundi la flavonoidi zinazojikusanya katika ganda la mbegu na kugeuka kahawia zinapokutana na oksijeni. Kwa wakamuaji wa mafuta na wafugaji, rangi hiyo si pambo tu. Mbegu ya njano huwa na ganda jembamba na mafuta mengi zaidi, na mashudu yake huwa na nyuzinyuzi chache na protini nyingi.

Wasimamizi watatu

Utaratibu huo ulifahamika kwanza kupitia Arabidopsis thaliana, gugu dogo la jamii ya kabichi ambalo jenomu yake ilichapishwa mwaka 2000, ikiwa ya kwanza kwa mmea. Watafiti walichunguza mimea ya gugu hilo iliyozaa mbegu za njano, wakatafuta jeni iliyoharibika katika kila mmoja.

Baadhi ya jeni hizo hutoa vimeng'enya vya kutengeneza tanini. Nyingine tatu, TT2, TT8 na TTG1, ni wasimamizi: protini zake huungana na kuamsha jeni iitwayo BANYULS, inayofungua njia ya tanini. Ikikosekana protini moja kati ya hizo, ganda hukosa rangi na umanjano wa kiinitete huonekana kwa nje.

Uhusiano na mafuta unatokana na malighafi ya pamoja, malonili-koenzaimu A, inayohitajika katika kutengeneza flavonoidi na asidi za mafuta. Isitoshe, katika Arabidopsis, TT8 hudhoofisha jeni zinazohimiza kiinitete kulimbikiza mafuta.

Ugumu wa kanola

Kanola ilizaliwa na mimea miwili iliyochanganyika: mmoja wa ukoo wa kabichi na sukuma wiki, mwingine wa ukoo wa kabichi ya Kichina. Kwa hiyo ina seti mbili za jeni, na nakala moja ikiharibika, nyingine huendelea na kazi. Ndiyo maana kupata kanola ya njano kwa njia ya kuchagua mbegu kumekuwa kazi ngumu.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Huazhong, nchini China, walieleza jinsi walivyotumia teknolojia ya kuhariri jeni ya CRISPR kuzima TT8 katika kanola. Ni mimea iliyopoteza nakala mbili zinazofanya kazi pekee iliyotoa mbegu za njano, zikiwa na mafuta na protini zaidi.

Haradali ya Ethiopia, ambayo majani yake huliwa kaskazini mwa Tanzania kwa jina la loshuu, ni ndugu wa karibu wa kanola, nayo ina aina zenye mbegu za njano na zenye mbegu za kahawia.

Gharama yake

Hata hivyo, tanini haziko katika ganda bila sababu. Hupunguza kasi ya maji kupenya na huisaidia mbegu kutulia hadi msimu ufaao. Katika Arabidopsis, mbegu zisizo na tanini huota mapema na hazidumu sana ghalani. Kwa mkulima anayetunza mbegu zake mwenyewe, mafuta ya ziada hayatakuwa na faida iwapo mbegu itachipua kabla ya mavuno au kufa kabla ya kupandwa.