Nani Amempaka Babu Rangi ya Kijani?

Wasee, nendeni matanga yoyote, iwe Suneka au Nyansiongo, muangalie lile bango la getini. Marehemu alizaliwa enzi za mkoloni, na picha yake ya ujanani ni nyeusi na nyeupe, safi kabisa. Lakini kwa bango, uso ni wa kijani. Jua la saa sita likimpiga, anakuwa zambarau.

Watu hulaumu mashine. Mimi naitetea kidogo. Iliundwa kumuonyesha mwanasiasa kwa mtu aliye ndani ya matatu, basi. Kwa kawaida ina wino nne: samawati, waridi, manjano na nyeusi. Ikitafuta kijivu inazichanganya, na moja ikizidi hata kidogo, babu ameisha. Picha ya zamani haikujua shida hiyo. Kijivu chake kilitoka kwa madini ya fedha, vichembe vidogo sana juu ya karatasi, hakuna cha waridi wala samawati.

Na si sisi wa kwanza kuteseka. Mwanamuziki Graham Nash alipenda sana picha nyeusi na nyeupe, akataka kuzichapa kubwa kutoka kwa kompyuta. Akachukua IRIS 3047, mashine ya kuonjea rangi za matangazo kabla hayajaenda kiwandani, na mwaka wa 1991 akafungua Nash Editions huko California. Picha zilitoka moto! Shida ni wino wenyewe: ulikuwa rangi iliyoyeyushwa majini, mwanga ukaula haraka. Ndipo watu wakahamia wino wa chembechembe, unaovumilia miaka mingi zaidi. Halafu 2005 Epson wakatoa UltraChrome K3, yenye nyeusi tatu: nzito, ya kijivu, na ya kijivu hafifu. Sasa kivuli cha shavu kikawa kinachapwa kwa kijivu cha ukweli. Kwangu mimi hiyo ndiyo tarehe kubwa, hata kama hakuna mwalimu wa historia ataiweka kwa mtihani.

Mbona nijali? Mwaka wa 2007 majirani zetu Wajaluo waliona maonyesho ya Paro Manene, picha za wazee wao zilizohifadhiwa jumba la makumbusho la Pitt Rivers, Oxford, zingine zilipigwa na Evans-Pritchard 1936. Zilirudi Nyanza zikaonekana. Huku kwetu nyumba nyingi zina picha moja tu ya sokoro, imekunjwa ndani ya Biblia. Hiyo ikifa, uso umeenda.

Kwa hivyo studio zetu zifanye chama, zinunue printa moja pana. Inchi 24 inatosha. Hiyo ya 44 ni ya kuringa, kwa sababu kapicha ka pasipoti hakapati maelezo mapya ukikapanua. Iwe na nyeusi tatu na wino wa chembechembe. Karatasi ya pamba isiyong'aa itumie nyeusi yake, ile ya kung'aa yake. Na ichape kitu kila wiki, la sivyo wino utaganda kwenye vitundu vya kichwa na chama kitavunjika kwa vita.

Iwekwe Keroka, mpakani. Kaunti zote mbili zitapigania ushuru wake, lakini hayo tumezoea.