Wenye Mto na Wageni Wao: Habari za Kale za Yanonge

Mara nyingi twawasikia vijana wakisema ya kwamba biashara katika nchi yetu ililetwa na wageni. Wengine huwataja Waarabu, wengine Wazungu. Tusiwalaumu, maana vitabu vingi vilianza habari zetu siku ile mgeni alipofika. Lakini mgeni aliyekuta soko, je, aweza kuitwa mwanzilishi wake? Tutazame basi mambo yalivyokwenda hapa Yanonge, ukingo wa kushoto wa Mto Kongo, mwendo wa kilometa 60 hivi chini ya Kisangani.

Kabla ya wageni hao, Walokele walikuwa wenye mto. Walijenga vijiji kandokando ya maji, wakavua samaki. Majirani zao wa msituni, kama Wambole, Watopoke na Waturumbu, walilima na kuwinda. Mvuvi hawezi kula samaki mitupu, wala mkulima hashibi kwa ndizi peke yake. Kwa hiyo walikutana sokoni kwa siku zilizowekwa. Kwa mambo makubwa, hasa mahari, walitoa vyuma virefu vilivyofuliwa mfano wa mkuki, viitwavyo liganda. Vingine vilikuwa na kimo cha mtu. Habari zilipelekwa kwa ngoma ya mti yenye sauti mbili, ya juu na ya chini. Kwa kuwa Kilokele chenyewe husemwa kwa sauti za juu na chini, ngoma iliweza kutamka maneno, na msikilizaji wa kijiji cha mbali akaelewa.

Mwezi wa Desemba 1876 Stanley aliagana na Tippu Tip, mfanya biashara mkubwa wa Zanzibar, akateremka mto. Mwanzo wa mwaka 1877 alipita katika nchi hii, na tarehe 1 Februari akapigana na mitumbwi ya vita kwenye mlango wa Aruwimi. Njia aliyoipita, wengine wakaifuata. Aliporudi kwa merikebu ya moshi mwaka 1883, alikuta vijiji vingi kati ya Aruwimi na maporomoko vimechomwa moto, na wanawake na watoto wamefungwa minyororo. Wafanya biashara wa Nyangwe walikuwa wamefika kutafuta pembe za ndovu na watumwa.

Hapo pana jambo la kustaajabisha. Dola ya Mfalme Leopold ilijisifu mbele ya mataifa kuwa imekuja kukomesha utumwa. Hata hivyo, mwaka 1887 ilimfanya Tippu Tip kuwa liwali wa Stanley Falls, tena kwa mshahara. Mwaka 1890 yeye alishika njia ya kurudi Zanzibar, na mwaka 1893 askari wa Dola wakaiteka Stanley Falls. Je, watu wakapumzika? La. Dola ikadai pembe na mpira kwa nguvu, na mwenye kukataa akaadhibiwa vikali. Mambo hayo yalileta kelele ulimwenguni, hata mwaka 1908 Leopold akanyang'anywa nchi, ikawa koloni la Ubelgiji.

Si wageni wote waliokuja kutafuta pembe. Mwaka 1897 Padre Gabriel Grison, Mfaransa wa Shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu, alifika akaanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli karibu na maporomoko. Kati ya wanafunzi wake wa kwanza walikuwamo watoto waliotolewa utumwani. Mwaka 1908 alifanywa Vikario wa Kitume, na mwaka 1942 akafariki. Wabatisti nao walikuwa wamekwisha tua Yakusu, wakajifunza Kilokele.

Sasa tuhesabu yaliyobaki. Mpunga tunaoulima ulienea hapa kwa mikono ya Waungwana, watu wa Waarabu hao. Kiswahili hiki tunachoandikia nacho kilikuja kwa njia ile ile ya misafara na minyororo. Tena, kijana aliyetekwa leo, baada ya miaka michache alipewa bunduki na jina jipya, naye akaitwa Mwungwana. Kwa hiyo asiwepo mtu katika vijiji vyetu wa kumnyoshea mwenzake kidole akisema: "Babu yako ndiye aliyemfunga babu yangu." Pengine babu mmoja alikuwa mfungwa, kisha akawa mfungaji.

Wapendwa wasomaji, kusamehe si kusahau. Anayesahau hana la kusamehe. Twawaomba mwende kwa wazee wenu, mwaulize majina ya masoko ya kale, siku zake, na vijiji vilivyohama kwa kukimbia moto. Andikeni katika daftari. Wageni waliandika yao nasi tunayasoma hata leo. Yetu yangali vinywani mwa wazee, na kila mwaka twawazika wengine.