Mechi ilihamishwa, Jack akabaki

Wasomi wenzangu, leo tutoke kidogo ku Kongo. Nawaletea historia ya ekipe moja ya wanafunzi wa Marekani katika msimu wa 1941, na mpira wenyewe si ule wetu wa Mazembe na V.Club. Ni ule wa kwao, wenye umbo la yai, wanaoukimbiza mikononi huku wakigongana mabega.

Ekipe ni Oregon State, ya mji wa Corvallis, karibu na bahari ya Pasifiki. Chuo hiki zamani kilikuwa chuo cha kilimo, njo maana miye mwana-agronomi nikavutwa nacho. Msimu ule walishinda mechi saba, wakapoteza mbili, wakawa mabingwa wa vyuo vya pwani ya magharibi. Zawadi ya bingwa ilikuwa kubwa: kucheza Rose Bowl ku Pasadena, California, tarehe 1 Januari. Mpinzani wao angekuwa Duke, chuo cha upande ule mwingine wa nchi, ambacho kilikuwa kimeshinda mechi zote tisa.

Kiisha tarehe 7 Desemba Japani ikapiga mabomu Pearl Harbor. (Siye pia vita ile ilikuwa imetufikia: mwaka ule ule askari wa Force Publique, babu zetu, walikuwa wamepigana na Waitalia hadi Saio, kule Ethiopia.) Jeshi la Marekani likaogopa kwamba pwani ya magharibi itashambuliwa. Watu wengi namna ile kukusanyika uwanjani Pasadena? Hapana. Duke wakasema basi njooni kwetu, Durham, North Carolina. Wakaazima viti vya mbao kwa vyuo vya jirani, wakaongeza nafasi, na siku yenyewe wakaingia watu 56,000. Yote hayo yalipangwa kwa wiki mbili na kitu.

Sasa kulikuwa na kijana Jack Yoshihara ndani ya ekipe ya Oregon State. Alizaliwa Japani, akaletwa Marekani akiwa mtoto mdogo sana. Siku moja maajenti wa serikali wakafika mazoezini. Mtu aliyezaliwa Japani hakuruhusiwa kusafiri mbali na kwake, basi hata treni ya wenzake hakuipanda. Wengine wakavuka nchi nzima kwa reli, yeye akabaki.

Mechi ilichezwa ndani ya mvua. Hadi mapumziko ilikuwa 7 kwa 7, na mwishoni Oregon State, ambao watu wachache waliwapatia nafasi, wakashinda 20 kwa 16. Gene Gray alidaka mpira mmoja mrefu, akakimbia nao hadi mwisho wa uwanja.

Wamarekani wanapenda kuisimulia hii mechi kwa yale yaliyofuata, na kweli yanagusa. Vijana wengi wa pande zote mbili wakavaa nguo za jeshi. Ku Italia, Charles Haynes wa Duke akajeruhiwa vibaya, na aliyemteremsha mlimani ni Frank Parker, aliyecheza dhidi yake Durham. Wachezaji wanne wa mechi ile walikufa vitani. Gray akawa rubani, akarudi mzima, lakini miaka michache baadaye ndege yake ikaanguka Panama, akapoteza mikono yote miwili.

Lakini miye nikisoma hayo yote narudi kwa Jack. Kuhamisha uwanja, viti na makumi ya maelfu ya watu kuliwezekana. Ruhusa ya mwanafunzi mmoja ikashindikana! Na hiyo ilikuwa mwanzo tu. Tarehe 19 Februari 1942 Rais Roosevelt akasaini amri, na watu zaidi ya 110,000 wa asili ya Japani, wengi wao raia wa Marekani kabisa, wakaondolewa pwani na kufungiwa ndani ya kampi. Jack akajikuta Minidoka, jangwa la Idaho.

Minidoka, hapo agronomu ndani yangu anaamka. Watu waliofungwa ndio waling'oa vichaka, wakaleta maji kwa mifereji, wakapanda mboga pale palipokuwa vumbi. Tena wakatolewa kwenda kuvuna betirave za sukari katika mashamba ya wengine, kwa sababu vita ilikuwa imechukua vibarua. Kumbe kwa kazi ya shamba, nchi iliwaamini.

Masomo ya Jack yakakatika. Wenzangu mliofunga daftari katikati ya mwaka kwa sababu ya risasi, mnaelewa neno hilo bila miye kulieleza. Mwaka 2008 Oregon State kikatoa diploma za heshima kwa wanafunzi wake wa zamani zaidi ya 40 waliofukuzwa na amri ile. Wengine walikuwa wamekwisha kufa, zikapokelewa na watoto wao. Jack alipata yake akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80. Mwaka uliofuata akafariki.