Kitufe Kinachojua Kusubiri

Ukifika Dumila ukitokea Morogoro, barabara inagawanyika: moja inaendelea Dodoma, nyingine inakwenda Kilosa. Kitufe cha kibodi nacho kinaweza kuwekewa njia panda. Ukikigusa na kukiachia, kinatoa herufi. Ukikishikilia, kinafanya kazi nyingine. Wengi hudhani hizi ni mbwembwe za vijana wa kompyuta. Kumbe ni mambo ya kale.

Hebu tuifuate hiyo njia ya Kilosa. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, ilipita hapo pamoja na nyaya za telegrafu. Mpiga telegrafu alikuwa na kitufe kimoja tu. Akikigusa, nukta, akikishikilia mara tatu ya muda huo, mstari. Alfabeti nzima ilitoka kwenye subira ya kidole. Hata neno "simu", lililotoka Kiajemi kwa maana ya waya, tulilitumia kwa telegrafu kabla ya simu ya sauti.

Taipureta ya Remington No. 2, mwaka 1878, ikafanya kitufe kimoja kibebe herufi ndogo na kubwa. Zikaja simu za Nokia: bonyeza 2 upate a, b au c, ishikilie, upate 2 yenyewe. Leo programu ya QMK inafanya vilevile kwenye kibodi. Kwa kawaida inasubiri milisekunde 200: ukiachia mapema, herufi, ukichelewa, kazi ya pili.

Sasa sisi inatuhusu nini? Kibodi tunayotumia ilipangwa kwa ajili ya Kiingereza. Q na X kwetu hazina kazi, ilhali ng' inadai ritifaa, iliyo pembeni kabisa kwenye kidole cha mwisho. Basi watu wanairuka. Lakini "ng'oa" ni kazi ya shambani, na "ngoa" ni wivu! Katika eneo la wakulima na wafugaji kama Dumila, ni barua ngapi za malalamiko zimechapwa steshenari zikisema "ngombe"?

Dawa ipo, tena haihitaji kibodi mpya. X ikiguswa ibaki x, kwa majina ya wageni. Ikishikiliwa itoe ng'. Mpangilio wa kibodi si msahafu. Walioupanga hawakutufikiria, na hakuna anayetuzuia kuupanga upya.