Majivu, mafuta ya ng'ombe na lenta ya nyumba ya mama

Samahanini kwa kimya, zamu za usiku zimenibana na baridi ya hapa Minneapolis haina huruma. Leo nina jambo, na nimelisababisha mwenyewe.

Wiki iliyopita nilimwambia mdogo wangu kwenye simu kwamba Wamarekani wanachanganya majivu kwenye zege. Kumbe kaenda kumweleza fundi, na fundi kafurahi! Eti wachote majivu ya tanuri la matofali, wapunguze mifuko ya saruji kwenye lenta. Jamani, subirini kwanza.

Nilikuwa nazungumzia daraja la I-35W juu ya mto Mississippi, ninalopita kwenda kazini. Lile la zamani, la chuma, lilianguka tarehe 1 Agosti 2007, saa kumi na mbili jioni, watu wakirudi makwao. Walikufa 13, wakaumia 145. Manesi wa siku nyingi hapa bado wanaihadithia jioni ile. Jipya, la zege, lilifunguliwa Septemba 2008. Kwenye nguzo zake, saruji ya kawaida ni asilimia 15 tu ya unga unaogandisha. Asilimia 18 ni majivu ya makaa ya mawe, na iliyobaki ni slagi, ile takataka inayoelea juu ya chuma kikiyeyushwa, ikapozwa ghafla na kusagwa.

Hayakuanza jana. Warumi walichanganya chokaa na majivu ya volkano, na Pantheon bado imesimama. Hapa Marekani, mwaka 1937 R. E. Davis na wenzake wa University of California walichapisha utafiti wao juu ya majivu ya makaa. Kisha likaja bwawa la Hungry Horse kule Montana, 1948 hadi 1953, majivu yakiletwa kutoka Chicago. Sababu kubwa ilikuwa joto: saruji ikishika hutoa joto, na ukuta mnene kama ule ungepasuka. Majivu hufanya kazi polepole. Saruji inapoungana na maji huacha chokaa, majivu yanaila hiyo chokaa na kutengeneza gundi zaidi.

Ninayoipenda zaidi ni ya mafuta ya ng'ombe (msicheke!). Miaka ya 1930, jimbo la New York, iligundulika kwamba baadhi ya barabara za zege hazikubanduka kwa barafu kama nyingine. Saruji yake ilikuwa imesagwa pamoja na mafuta ya ng'ombe, ili isagike vizuri tu. Yale mafuta yaliacha vipovu vidogo vya hewa ndani ya zege, maji yakiganda yakapata pa kutanukia. Leo dawa za vipovu zinatiwa makusudi kwa vipimo.

Sasa, fundi. Majivu ya makaa yamepita kwenye moto mkali hata yakayeyuka, vipunje vyake ni mviringo kama kioo, na hupimwa maabara kabla ya kuuzwa. Majivu ya kuni yana chumvi na mkaa, si kitu kimoja. Halafu saruji nyingi huko nyumbani imeshatiwa pozolana au mawe ya chokaa kiwandani. Someni mfuko: ukiona CEM II au CEM IV, imeshachanganywa. Kuongeza tena ni kama kumpa mgonjwa dozi ya pili kwa sababu hukusoma faili lake.

Na msidhani majivu hayo ya makaa ni salama kuchezea. Tarehe 22 Desemba 2008, kule Kingston, Tennessee, ukingo wa bwawa la kuhifadhia majivu ulipasuka, likamwagika tope la lita zaidi ya bilioni 4. Lina aseniki ndani yake. Wengi waliolisafisha waliugua baadaye.

Hela ya mifuko iliyopungua nitatuma Ijumaa. Mwambieni fundi apunguze maji kwenye zege badala ya saruji, na lenta imwagiliwe wiki nzima. Mama simlazi chini ya majaribio.

Haya, ngoja nilale, naingia zamu saa moja.